Homu thieta imekufa ila spika ni nzima, nichukue risiva gani ya bei poa?

besi_mbagala
Wakuu habari za mchana, naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya mziki wa nyumbani. Nina homu thieta ya zile za deki na spika tano na boksi la besi, sasa umeme ulikatika ukarudi kwa fujo deki ikafa palepale, fundi wa mtaani kaifungua kasema ubao wa ampu umeungua na spea hakuna. Spika zenyewe nzima, nimezijaribu moja moja kwenye redio ya jirani zinalia fresh. Nimewaza kuliko kununua seti nyingine nzima bora nitafute risiva peke yake, hizi za AV (ampu ya kupokea sauti na picha) za chaneli tano, nichomeke spika zangu hizi hizi maisha yaendelee.

Bajeti laki sita, nikikaza sana saba. Sebule ya kawaida tu, kama mita nne kwa tano. Kazi yake muvi za kwenye flashi, mpira, na mziki Jumapili wife akiwa kanisani (hapo ndo tunafungulia haswa). Kariakoo nimeulizia, jamaa mmoja ananiambia Sony STR-DH590 ina wati 145 kila spika, duka la pili wananisukumia Yamaha RX-V385 ambayo imeandikwa wati 70 tu. Mimi kwa hesabu zangu 145 ni zaidi ya mara mbili ya 70 sasa hiyo ya 70 ya nini? Nishaurini nisije nikapigwa.

Mkali wa Temeke
Chukua yenye wati nyingi mzee, mziki ni wati. Mengine longolongo.

fundi_mita
Mkuu tulia kwanza, usinunue kitu. Geuza spika moja usome karatasi ya nyuma, kuna namba ina alama hii Ω (omu, yaani spika inazuia umeme kiasi gani), niambie ni ngapi. Halafu boksi la besi angalia lina waya wake wa kwenda kwenye umeme au lina waya mmoja tu uliokuwa unaingia kwenye deki? Hayo mawili ndo yanaamua, Sony au Yamaha tutaongea baadaye.

besi_mbagala
Nimegeuza fundi. Spika ndogo zote zimeandikwa 3Ω, boksi la besi nalo 3Ω. Halina waya wa umeme, lina kaplagi ka rangi ya zambarau tu. Zile nyingine plagi zake nyeupe, nyekundu, kijani, bluu na kijivu.

fundi_mita
Nilijua. Haya sikiliza, hapa ndo watu wengi wanapoteza hela.

Hizi risiva za bei ya kawaida zimetengenezwa zibebe spika za omu 6 kwenda juu mpaka 16, fungua kitabu chake au soma pale nyuma kwenye vibano vya spika utakuta imeandikwa. Homu thieta za deki zenyewe kiwanda kinaweka spika za omu 3 au 4 kwa makusudi maana ampu yake ya ndani inatumia volti ndogo, inasukuma mkondo mwingi kwenye omu chache ndo wati zipatikane. Ile deki na zile spika vilizaliwa pamoja. Ukiichukua spika ya omu 3 ukaichomeka kwenye risiva ya omu 6, kwa sauti ile ile inavuta mkondo mara mbili. Piga hesabu mwenyewe, volti 20 gawa kwa 6 unapata ampea 3 na kidogo, gawa kwa 3 unapata karibu 7. Sauti ya chini itakudanganya kwamba mambo poa, siku ya Jumapili unafungulia risiva inachemka, inakata sauti inaandika PROTECT au inazima kabisa. Hiyo ndo bahati nzuri, mbaya ni transista kuondoka.

Pili boksi la besi. Hakuna risiva ya AV ya kawaida yenye ampu ya kusukuma besi. Pale nyuma utaona tundu la RCA limeandikwa SUBWOOFER PRE OUT, pale inatoka signo ndogo tu ya kupeleka kwenye sabufa yenye ampu yake na waya wake wa umeme. Boksi lako halina ampu, kwa hiyo ukiliunganisha pale litakaa kimya kama stuli. Muuzaji hawezi kukwambia hili, yeye kauza.

Kwa hiyo swali lako la risiva gani halijafika bado. Swali ni spika zako zinaweza kuishi na risiva gani.

besi_mbagala
Duh. Sasa si bora ningenunua seti nyingine tu. Hakuna ujanja hapo fundi?

Dogo Umeme
Ujanja upo bro, weka rezista ya omu 3 kwa kila spika, inakuwa jumla 6, risiva inaona omu 6 inatulia. Rezista ni buku tu.

fundi_mita
Dogo hiyo inaizuia risiva isichemke ndio, ila nusu ya nguvu yote inaenda kuchemsha rezista badala ya kupiga mziki, na rezista za kubeba hizo wati sio zile ndogo za mistari ya rangi, ni zile nyeupe za saruji, ukiigusa baada ya wimbo mmoja utakumbuka. Halafu omu za spika hazisimami sehemu moja, zinapanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa, ukiweka rezista mbele yake sauti inabadilika, mahali panavimba mahali panazama. Mteja akiniletea kitu hicho nazitoa.

Ujanja wa bure ni huu. Una spika tano ndogo za omu 3 zinazofanana. Chukua mbili uziunge kwa foleni, yaani siriizi, unapata omu 6 kamili. Hizo mbili zikae pamoja upande wa kushoto. Nyingine mbili hivyo hivyo upande wa kulia. Ya tano weka kabatini. Kwenye setingi za risiva unaiambia kati haina spika, CENTER unaweka NONE, nyuma pia NONE, maongezi ya muvi inayagawa yenyewe kushoto na kulia na ukikaa katikati ya kochi utasikia yanatokea kwenye TV. Hakuna kilichochemka, hakuna hela iliyotoka.

Spika ndogo hazitoi besi kwa hiyo ziweke SMALL na krosiova (mpaka ambao sauti nzito za chini yake zinapelekwa kwenye boksi la besi) panda juu kidogo, vile vidude vya inchi tatu usivipe kazi ya hezi 80, weka 120 au hata 150 ujaribu kwa sikio.

Boksi la besi lipe ampu yake. Kuna viubao vya chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, vinauzwa kwenye maduka ya spea za elektroniki, tafuta cha mono, yaani chaneli moja. Kinakula volti kuanzia 4.5 mpaka 26, chaja ya laptop ya volti 19 ya wati 90 ambayo nina uhakika ipo nyumbani kwako au kwa shemeji inatosha kabisa, kwenye omu 3 utapata wati kama 50 safi. RCA kutoka PRE OUT inaingia humo, waya unatoka kwenda kwenye boksi, kwisha.

Mhasibu wa Sauti
Fundi kamaliza upande wa omu, mimi niongezee ya wati maana jamaa wa Temeke kaniumiza moyo.

besi_mbagala, hizo wati 145 na 70 hazijapimwa kwa rula moja. Soma maandishi madogo. Ile 145 ya Sony imepimwa spika MOJA tu ikiwa inalia, kwa sauti ya hezi 1000 peke yake, omu 6, na wameruhusu uchafu wa sauti wa asilimia 0.9. Ile 70 ya Yamaha imepimwa spika mbili zikilia pamoja, kuanzia hezi 20 mpaka 20,000 yote, uchafu asilimia 0.09. Yamaha huyo huyo akipima kwa ile rula ya kwanza anaandika wati 100. Kwa hiyo ukilinganisha kihalali ni 145 kwa 100, na tofauti hiyo kwa sikio haifiki hata desibeli 2. Mkeo hawezi kuisikia hata wewe huwezi. Wati zikizidi mara mbili unapata desibeli 3 tu, ili usikie sauti imekuwa kama mara mbili unahitaji wati mara kumi.

Kinachoamua kelele ni spika. Kuna namba nyingine watu hawaisomagi, sensitiviti, yaani spika ukiipa wati 1 ukasimama mita 1 inapiga desibeli ngapi. Spika yenye 87 ukiipa wati 10 inafika 97. Weka mbili, kaa mita tatu kwenye kochi, bado unapata kama 90 na hapo mtoto hawezi kusoma chumba cha pili. WATI KUMI. Sasa 145 utazipeleka wapi kwenye sebule ya mita nne kwa tano?

Na zile sabufa zimeandikwa PMPO (wati za matangazo tu) wati elfu kumi hata usinianzishe. Angalia plagi yake, imeandikwa inakula wati 60 kutoka ukutani, hizo nyingine elfu tisa mia tisa na arobaini zinatoka kwa nani.

Mkali wa Temeke
Kumbe. Haya nimekaa pale.

Otis_Luthuli
Sasa mabro, salamu kutoka Nairobi. Huku Luthuli Avenue ni ile story moja, mtu anaingia na mia mia zake anauziwa wati. Mimi maoni yangu tofauti kidogo na fundi, hizo spika ndogo za plastiki we ziwachie watoto. Hiyo pesa igawe, chukua risiva ya zamani used, ile inabaki ununue spika mbili za maana za mbele, bookshelf za mbao zenye woofer ya inchi tano hivi. Mfano Sony SS-CS5, ni omu 6 na sensitiviti 87, risiva yoyote inazibeba bila jasho. Spika mbili nzuri zinashinda tano mbovu kila siku, na za nyuma utaongeza mwakani pesa ikipatikana.

Risiva ya zamani haijachoka kwa sauti. Dolby Digital na DTS, ile mifumo ya sauti ya muvi ya spika nyingi, ni zile zile tangu miaka ya tisini. Watu wanauza kwa bei ya kutupa kwa sababu haina HDMI ama HDMI yake haipitishi 4K, na wewe hiyo 4K unataka ya nini kwa risiva? Kila kitu chomeka kwa TV moja kwa moja, kisha toa waya wa optikali (unaobeba sauti kwa mwanga) kutoka TV mpaka risiva. Picha inabaki kwa TV, sauti inaenda kwa risiva. Hakikisha tu ina tundu la OPTICAL na imeandikwa Dolby Digital na DTS hapo mbele.

fundi_mita
Otis namkubali asilimia zote. Ile ya siriizi ni ya kuanzia wakati anajichanga.

Ila mkuu ukienda kwenye used angalia volti kabla ya kuangalia sura. Mzigo wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120, sisi huku 230. Nyuma ya risiva karibu na waya wa umeme kuna maandishi AC 100V au AC 120V 60Hz au AC 230V 50Hz. Ukiichomeka ya Japani kwenye soketi yako ya ukutani ni sekunde tu, moshi. Zipo chache zina kiswichi cha kuchagua volti nyuma, hizo poa. Nyingine inabidi ununue transfoma ya kushusha na isiwe kale kadogo ka kuchajia simu, kuanzia VA 500, sasa ukijumlisha bei ya transfoma mara nyingi ile nafuu imeshakufa. Tafuta ya Uingereza, Ulaya au Dubai.

Na ukiwa pale dukani usikubali kuonyeshwa taa inawaka. Beba spika yako moja na flashi, ya kujaribia kwa sauti ya chini tu. Ukiwasha subiri sekunde chache usikie relei (swichi ya ndani) inagonga "tak", hiyo ni risiva imejikagua imejiona nzima ndo inafungua spika. Isipogonga achana nayo. Halafu ingia TEST TONE, inapiga shhh kwenye kila chaneli kwa zamu, hamisha spika yako kibano kwa kibano uhakikishe zote tano zinalia. Zungusha kitasa cha sauti taratibu, kikikwaruza kidogo sio kesi, kinasafishwa. Kama ina HDMI jaribu kila tundu maana ule ubao ndo unatanguliaga kufa, na ukifa bado optikali inafanya kazi, hapo unaomba punguzo.

besi_mbagala
Hapa nimepata shule wakuu. Nimerudi Kariakoo leo, pale karibu na Msimbazi na Uhuru, kuna jamaa ana RX-V385 used imeandikwa 230V, anataka laki nne na themanini na naona atashuka. Sasa je nikiichukua hiyo si itakuwa kati na kati? Ina HDMI na Bluetooth, wife atapigia kwaya kwenye simu.

fundi_mita
Chukua ikipita yale majaribio, ni ya chaneli tano, HDMI nne za kuingia moja ya kutoka, inapitisha 4K. Kitu kimoja wauzaji hawakijui kabisa. Yamaha nyingi zina setingi ya omu imefichwa. Izime kwanza, shikilia kitufe cha STRAIGHT pale mbele ukiwa umekibonyeza huku unawasha, inaandika ADVANCED SETUP. Tafuta SP IMP, usipoiona kwenye hii ya 230V basi haina, soma kitabu chake. Kama ipo na imekaa 8Ω MIN, wewe weka 6Ω MIN. Kwa kitabu chao ukishaweka hivyo hata spika za omu 4 wanaruhusu lakini za mbele TU. Omu 3 hawajaruhusu popote, kwa hiyo foleni ya mbili mbili iko palepale.

Mhasibu wa Sauti
Na waya wa HDMI kutoka TV uchomeke kwenye tundu la ARC (linalorudisha sauti ya TV kwenye risiva) pande zote mbili, sio lolote lile. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009 kwa hiyo TV yako bapa huenda inayo, angalia tundu lililoandikwa ARC. Kisha kwenye TV setingi za sauti toa PCM weka Auto au Bitstream au Dolby Digital, inategemea TV inaitaje. Ukiiacha PCM risiva inapata kushoto na kulia tu halafu siku ukiongeza spika za nyuma utakuja hapa kulalamika hazilii.

Muvi za flashi zina kasheshe yake. Faili nyingi zina sauti ya DTS, na Samsung waliiondoa DTS kwenye TV zao kuanzia za 2018, ukichomeka flashi picha inakuja bila sauti au inakwambia haisomi hiyo sauti. Hapo tatizo sio risiva. Mwambie wa maktaba akuwekee zenye Dolby. Na zile muvi za kutafsiriwa na DJ usizipe lawama, zile sauti yake ni stereo tu, huyo DJ kaongelea juu yake na kila kitu kimeshachanganywa.

Bi Zuhura
Nimesoma mpaka hapa nami nichangie, mume wangu anayo kama hiyo. Jamani wanawake wenzangu tusiweke vile vitambaa vya kushona juu ya risiva! Mimi nilikuwa nimekipamba kabisa na ua la plastiki juu, mwenyewe akawa anashangaa inajizima kila ikifika sauti ya kati. Yale matundu ya juu ndo inapumulia. Na isisukumwe ndani ya shubaka la kabati la TV hadi mwisho, iacheni nafasi juu na pembeni, joto la Dar lenyewe mnalijua. Kitambaa nimekihamishia kwenye friji.

besi_mbagala
😂😂 Bi Zuhura umenisaidia sana, wife tayari alishakipimia kitambaa.

Basi mpango wangu ni huu, naichukua hiyo Yamaha jamaa akishuka, spika za siriizi mbili mbili kwa sasa, kiubao cha TPA kwa ajili ya besi, na salio linaanza kuwekwa kwa ajili ya zile za mbao. Fundi swali la mwisho, zile plagi za rangi itabidi nizikate si ndio? Sasa nikishakata nitajuaje upande upi ni chanya? Waya zenyewe zote mbili rangi moja, na nimeishiwa hela ya mita.

fundi_mita
Kata, acha urefu wa kutosha upande wa spika. Kwanza chungulia vizuri, mara nyingi mmoja una mstari mwembamba au maandishi, huo ni wa upande mmoja kwenye spika zote kwa hiyo hata ukikosea jina usikosee mpangilio.

Uhakika ni betri ya rimoti, ya volti 1.5. Ondoa kitambaa cha mbele cha spika uone koni. Gusisha waya mmoja kwenye kichwa cha betri na mwingine kwenye makalio yake, gusa tu uachie, usishikilie. Koni ikiruka kuja nje, waya uliokuwa kwenye kichwa ndo chanya. Ikiingia ndani, geuza. Funga selotepu nyekundu kwenye chanya ya kila moja kabla hujahamia nyingine.

Kuunga ni hivi, chanya ya spika ya kwanza iende kwenye kibano chekundu cha risiva. Hasi yake iungwe na chanya ya spika ya pili. Hasi ya spika ya pili irudi kwenye kibano cheusi. Upande wa kulia vivyo hivyo. Waya wa kuongezea tumia ule laini wa milimita 1.5, usidanganyike kununua ule mnene wa dhahabu. Na unapounganisha risiva iwe imechomolewa ukutani, uzi mmoja tu wa shaba ukitoka nje ukagusa kibano cha jirani ukiwasha unaanza uzi mpya hapa.